Unene wa Gogo ni Upi? Uhakiki wa Istilahi za Biashara ya Miti Migumu

1. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki maneno machache yatumikayo katika uuzaji wa magogo ya miti migumu huko Mbinga na kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Maneno hayo si mageni kwa msomaji. Ni gogo, mbao, ugumu, unene, mkoa na ushuru. Huenda mtu akashangaa kwamba maneno mepesi kama hayo yanahitaji uhakiki, hali kila siku tunahangaika kutafuta Kiswahili cha vifaa vya maabara na cha tarakilishi. Lakini kwa uzoefu wetu, istilahi iletayo hasara kubwa kwa wananchi si ile wasioielewa kabisa. Ni ile ambayo kila mmoja huielewa kwa namna yake.

Tulilitambua jambo hili tulipokuwa Mbinga na kuteremka hadi Mbamba Bay, katika Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Hapo tulimkuta mzee mmoja akiuza gogo la mninga. Mnunuzi, kijana mwenye daftari, alimwamkia kwa adabu kisha akauliza: “Mzee, gogo lako lina unene gani?” Mzee akajibu: “Mwanangu, halipungui mita moja na nusu.” Kijana akacheka, akalipima mwenyewe, akaandika katika daftari lake: unene, sentimita 42. Mzee alikasirika, akaona amedharauliwa. Kijana naye akaona anadanganywa. Tulipolipima gogo lile kwa utulivu tulikuta kwamba wote wawili walisema kweli. Mzee alikuwa amelizungushia kamba katikati, akapata sentimita 157. Kijana alikuwa amepima upana wa uso wa gogo upande wa nchani, yaani upande mwembamba. Neno “unene” liliwabeba wote wawili, lakini halikuwapatanisha.

2. Gogo na mbao

Tuanze na vitu vyenyewe viuzwavyo. Neno la Kiingereza “timber” lina uwanja mpana: laweza kuwa na maana ya miti ingali imesimama, ya magogo yaliyokwisha kukatwa, na hata ya mbao zilizopasuliwa. Wafasiri wetu wamezoea kulitafsiri kwa neno moja tu, “mbao”. Ndiyo sababu twasoma “biashara ya mbao”, “soko la mbao”, “bei ya mbao”, hata pale ambapo mwandishi alikuwa akizungumzia miti iliyomo msituni.

Kiswahili hakikuwa na upungufu unaotulazimisha kufanya hivyo. Fundi wa pwani ana gogo, ubao, boriti, pau, fito na banzi, na kila moja ni kitu mbali. Ubao ni matokeo ya msumeno. Gogo ni matokeo ya shoka. Mfasiri anaposema “mita moja ya ujazo ya mbao” mahali pa mita moja ya ujazo ya magogo, hakosei mtindo tu, bali anabadilisha mali. Gogo likipasuliwa, sehemu kubwa hugeuka mabanzi, maganda na unga wa mbao. Si ajabu nusu yake ikapotea, na kwa misumeno ya mikono au magogo yaliyopinda hupotea zaidi.

Tofauti hii ina uzito wa kisheria pia. Mwaka 2004 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha nje ya nchi magogo ya miti ya asili yasiyopasuliwa. Katazo la namna hiyo husimama au kuanguka kwa fasili ya neno gogo. Je, gogo lililochongwa pande nne kwa shoka bado ni gogo, au limekwisha kuwa ubao? Taruma la reli je? Afisa aliye kizuizini usiku, akiwa na tochi na karatasi, hawezi kulijibu swali hilo kwa busara yake mwenyewe; yapasa alikute jibu katika istilahi. Tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi, jambo hili limekuwa la haraka zaidi. Sheria ya Misitu, Sura ya 323, iliyopitishwa mwaka 2002, iliandikwa kwa Kiingereza. Mfasiri atakayeandika “mbao” kila aonapo “timber” atakuwa ametunga sheria nyingine bila kujua.

3. Ugumu usio ugumu

Neno la pili ni “miti migumu”, pamoja na “mbao ngumu”. Haya yametafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, “hardwood”, na kinyume chake “softwood” pakaitwa “mbao laini”. Lakini Waingereza wenyewe, watumiapo maneno hayo kitaalamu, hawazungumzii ugumu. Wanazungumzia jamii mbili za miti: ile itoayo maua, ambayo aghalabu ina majani mapana, na ile ya jamii ya misonobari. Kwa hesabu hiyo mbuyu ni “mti mgumu”, na msufi kadhalika, ingawa hakuna seremala awezaye kutengeneza kitanda cha mbuyu. Mkaratusi uliopandwa vilimani Umatengoni umo katika jamii moja na mninga na mpingo, ambapo mpodo wa milimani uko pamoja na misonobari ya Sao Hill.

Hasara ya tafsiri hii ni kwamba mwuzaji hulichukua neno kama lilivyo. Akisoma kwamba mnunuzi wa mbali anatafuta “mbao ngumu”, hudhani kila kilicho kigumu kina soko. Na akisikia “mbao laini” hudhani ni mbao duni. Kumbe mnunuzi hataki jamii nzima. Anataka mti fulani, wenye rangi fulani, usioliwa na mchwa, na ambao kiini chake kimekomaa. Kwa mninga na mpingo kiini ndicho mali yenyewe. Sehemu ya nje iliyo nyeupe huchongwa na kutupwa. Mpingo wenye uso mpana waweza kuwa na kiini kidogo tu cheusi.

Maoni yetu ni kwamba neno “ngumu” libaki na maana yake ya asili, yaani ugumu uhisiwao na patasi. Pale mfasiri anapozungumzia jamii za miti, aseme “miti ya majani mapana” na “miti ya jamii ya misonobari”. Maneno hayo ni marefu kidogo, lakini hayamdanganyi mtu.

4. Unene, kipenyo na mzingo

Sasa turudi kwenye gogo la Mbamba Bay, maana hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Gogo lile lilikuwa na urefu wa mita 4. Kipenyo chake katikati kilikuwa sentimita 50. Kipenyo chake nchani, sentimita 42. Mzingo wake katikati, sentimita 157. Tuchukue kipimo kimoja baada ya kingine tuone ujazo utokeao.

Njia ya kwanza ni kutumia kipenyo cha katikati. Tunatafuta eneo la duara lenye kipenyo hicho, kisha tunalizidisha kwa urefu. Jibu ni mita za ujazo 0.785. Njia hii hukaribia ujazo wa kweli wa gogo lililonyooka.

Njia ya pili ni ile iliyoenezwa na Waingereza katika himaya yao, nayo yatokana na majedwali ya Edward Hoppus yaliyochapishwa mwaka 1736. Mzingo hugawanywa kwa 4, robo hiyo huzidishwa kwa yenyewe, kisha huzidishwa kwa urefu. Kwa gogo letu jibu ni mita za ujazo 0.616. Njia hii haikuwa kosa la hesabu. Ilikusudiwa kumwachia mnunuzi fungu la hasara itokanayo na kulichonga gogo la mviringo liwe la pande nne. Lakini asiyeijua ataona tu kwamba zaidi ya sehemu moja katika tano ya gogo lake imeyeyuka katika karatasi.

Njia ya tatu ni kuchukua kipenyo cha nchani peke yake, kama alivyofanya yule kijana. Jibu ni mita za ujazo 0.554.

Gogo moja, basi, lina ujazo wa namna tatu, na baina ya kubwa na ndogo kuna tofauti ya karibu sehemu 3 katika 10. Tena hatujauliza kama ganda lilipimwa pamoja au liliondolewa kwanza. Neno “unene” halijibu swali hata moja kati ya haya. Wala neno “ukubwa”, ambalo tumeliona katika fomu zilizopigwa chapa, halifai zaidi. Hilo laweza kuwa urefu, uzito, ujazo au umri.

Kiswahili kinayo maneno ya kutuondoa katika tatizo hili, na walimu wa hisabati wamekwisha kuyafundisha kwa miaka mingi. Kipenyo ni mstari upitao katikati ya duara toka upande hadi upande. Mzingo ni kuuzunguka mduara mzima. Mtoto wa shule ya msingi anayajua maneno haya, lakini akishamaliza masomo na kuanza kuuza magogo hurudia “unene”, kwa sababu fomu aliyopewa ndivyo isemavyo. Hapa hatuna haja ya kuunda istilahi. Tuna haja ya kuitoa darasani na kuipeleka msituni.

Lipo jambo jingine la vipimo. Gogo huandikiwa kwa mita za ujazo, lakini mbao huuzwa kwa inchi na futi. Fundi husema “moja kwa nane, futi kumi na mbili”, na hapana shaka mtu yeyote wa sokoni atamwelewa. Ubao wa namna hiyo ni futi ya ujazo 0.67 hivi, kwa hiyo mbao 53 hivi hufanya mita moja ya ujazo. Gogo letu la 0.785, kama nusu yake itapatikana baada ya kupasuliwa, litatoa mbao 20 hivi. Hesabu hii ndogo, ikiandikwa kwa Kiswahili nyuma ya kila hati ya kuuzia, ingemsaidia mwuzaji kuliko nasaha nyingi, maana angeweza kulinganisha bei ya gogo anayopewa kijijini na bei ya mbao aisikiayo Songea.

5. Mti mmoja, majina mengi

Ziwa lenyewe latuonya juu ya majina. Sisi twaliita Nyasa. Majirani wa ng'ambo huliita Malawi. Nalo neno nyasa katika lugha za huko lina maana ya ziwa tu. Miti nayo ni vivyo hivyo. Mninga wetu huitwa mlombwa nchini Malawi, mukwa Zambia, umbila Msumbiji na kiaat Afrika ya Kusini. Mkongo wa kusini ndio mbambakofi wa watu wa pwani, na Msumbiji ni chanfuta. Mkangazi huitwa mbawa kwa Kinyanja. Mvule wetu hauzwi Ulaya kwa jina hilo, bali kwa jina la Afrika ya Magharibi, iroko. Mpingo nao hutafsiriwa ovyo kwa jina la Kiingereza la mti mwingine mweusi, ilhali mpingo si wa jamii hiyo kabisa. Ni ndugu wa karibu wa mninga, kwa kuwa yote miwili ni ya jamii ya kunde.

Zamani mkanganyiko huu ulimkera mtaalamu wa mimea peke yake. Leo unamgusa mfanyabiashara moja kwa moja. Chini ya Mkataba wa mwaka 1973 unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, jenasi nzima ya mpingo iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili kwa uamuzi wa mwaka 2016. Mwaka 2022, katika mkutano uliofanyika Panama, wakaongezwa ndugu wote wa mninga, wa mkongo na wa mkangazi waotao Afrika. Miti hiyo haikupigwa marufuku, lakini haiwezi kuvuka mpaka bila kibali, na kibali huandikwa kwa jina la kisayansi. Mkurungu wa magharibi mwa nchi, ambao ni ndugu wa mninga lakini si mninga, ulitangulia kuorodheshwa mwaka 2019. Kwa hiyo katika kipindi cha miaka mitatu, kuandika “mninga” mahali pa “mkurungu” kulikuwa ni tofauti baina ya mzigo uliohitaji kibali na usiohitaji.

Tena orodha ya mwaka 2022 yataja waziwazi vitu vihusikavyo: magogo, mbao zilizopasuliwa, mbao nyembamba za kubandika, plaiwudi, na mbao zilizokwisha kufanyiwa kazi. Mkataba wa mataifa umetenga gogo na ubao. Haifai sisi, tuliokwisha kuwa na maneno mawili, kuyachanganya.

6. Mkoa, kanda na ukanda

Mtu ashauriwaye “kulielewa soko la mkoa” kabla ya kuuza gogo ataelekea Songea, na hana makosa. Huenda mwandishi wa ushauri huo alisoma neno la Kiingereza “region”, ambalo katika utawala wetu ni mkoa, lakini katika habari za biashara ya nchi na nchi ni jambo jingine kabisa. Wengine huandika “kanda”, neno ambalo tayari limetwaliwa na idara mbalimbali kwa maana ya mikoa kadhaa ya ndani ya nchi, mathalani Kanda ya Kusini.

Kwa mtu wa Nyasa kosa hili si dogo. Majirani wake wa karibu, Malawi na Msumbiji, wamo katika Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika. Kenya, ambayo ni mnunuzi wa siku nyingi wa mbao za Tanzania, imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tanzania imo katika zote mbili. Masharti ya forodha si yale yale, wala mahitaji si yale yale. Kenya ilipositisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, hadi Rais wake alipotangaza kuliondoa katazo hilo mwaka 2023, wafanyabiashara wa huko walizidi kutazama nje ya nchi yao. Mtu aliyejifungia katika “soko la mkoa” hakuweza kuyaona mabadiliko hayo. Twapendekeza neno “ukanda” litengwe kwa nchi kadhaa zilizoungana kibiashara, “kanda” kwa mikoa kadhaa ya nchi moja, na “mkoa” libaki lilipo.

7. Bei na malipo

Mwuzaji hulipa, au hukatwa, fedha za namna nyingi, lakini zote huziita ushuru. Mrabaha, ambao wengine huandika mrahaba, ni fungu la mwenye mali kwa ajili ya mali yenyewe. Ada ni malipo ya huduma au ya leseni. Ushuru hutozwa juu ya biashara. Kodi ni ya Serikali kwa sheria za kodi. Mtu asiyezitenga hawezi kujua ni ipi aliyolipishwa mara mbili.

Bei nayo haina maana bila mahali. Gogo lina bei ya kisikini, bei ya barabarani, bei ya kiwandani na bei ya bandarini, na kila hatua inaongeza gharama na faida ya mtu. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilichapisha uchunguzi wake juu ya wimbi la ukataji magogo kusini mwa Tanzania. Lilionyesha kwamba sehemu kubwa mno ya mapato yaliyostahili kukusanywa, hadi asilimia 96, ilipotea. Na kwamba kumbukumbu za China zilionyesha kuwa nchi hiyo imepokea kutoka Tanzania mara 10 ya kiasi kilichoandikwa katika kumbukumbu zetu wenyewe. Hatusemi kwamba hasara hiyo ililetwa na maneno. Ililetwa na watu. Lakini mtu apendaye kuficha hupenda fomu isiyosema wazi, na fomu yenye “unene” na “mbao” ni pazia zuri.

8. Pingamizi na mapendekezo

Yupo atakayesema kwamba wafanyabiashara huelewana wao kwa wao, na kwamba Baraza lisiwaingilie. Twakubali kwamba huelewana wakiwa wamesimama mbele ya gogo. Lakini karatasi husafiri na gogo hubaki. Hati inapofika Songea, Dar es Salaam au ng'ambo ya ziwa, msomaji wake hana gogo la kulitazama. Ana neno tu.

Kanuni ya kuunda istilahi tuliyoizoea yatutaka tutafute kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo twende mbali. Msomaji ataona kwamba katika orodha ifuatayo hatukuvuka hatua ya kwanza.

Gogo: shina au tawi nene lililokatwa, hata kama limechongwa pande, maadamu halijapasuliwa kwa msumeno.
Ubao, wingi mbao: kipande kilichopasuliwa kwa msumeno kutoka katika gogo.
Mti wima: mti uuzwao kabla ya kukatwa.
Kipenyo cha kati, kipenyo cha ncha: kila kimoja kitajwe kwa jina lake, na isemwe kama ganda limo au halimo.
Mzingo: kipimo cha kamba kulizunguka gogo.
Kiini: sehemu ya ndani ya gogo iliyokomaa.
Pato la upasuaji: ujazo wa mbao zipatikanazo ukilinganishwa na ujazo wa gogo.
Bei ya kisikini, ya barabarani, ya kiwandani, ya bandarini: bei kwa kadiri ya mahali gogo lilipo.
Ukanda: nchi kadhaa zilizoungana kibiashara.

Kwa majina ya miti twapendekeza jina la Kiswahili liandikwe pamoja na la kisayansi katika kila hati ya biashara, na majina ya wenyeji yakusanywe kabla wazee wayajuao hawajatoweka. Katika kazi hiyo walimu wa Mbinga na Nyasa, waliomo katikati ya wasemaji wa Kimatengo, Kimanda na Kinyasa, wanaweza kutusaidia kuliko kamusi yoyote iliyopo. Tunawaomba wao, pamoja na wafasiri na maafisa wa misitu, watuletee maoni yao juu ya orodha hii, hasa juu ya fasili ya gogo, ambayo sisi wenyewe tunaiona ingali na ubishi.